Musafiri wa Florentin

Muntu anayeuliza-uliza sana, mimi simuamini. Muniache na tabia yangu. Akikuuliza umetoka wapi, sawa, hiyo njo salamu. Akikuuliza ulipita njia gani, ulilala kwa nani, mulango wa nyumba unaangalia upande gani, huyo anatafuta kitu. Na Mardochée, fundi wa kinga, ni kusema baiskeli, wa hapa kwetu Mikelenge, alikuwa anauliza namna hiyo tangu ujana wake. Kwa hiyo siku niliposikia binti yangu Chérie anaenda kucheza kwake kila Jumapili, siku ya Mungu, baada ya misa, roho ilinichafuka kabisa.

Wacha nimueleze muntu mwenyewe kwanza, musiseme mimi, Albertine, nina chuki ya bure.

Mbele ya vita, Mardochée alikuwa anasukuma kinga. Nasema kusukuma, si kupanda. Baiskeli yake ilikuwa inajaa madumu ya mafuta ya mawese mpaka hakuna pa kukaa. Alivuka muto kwenda Alunguli, akashika njia ya Kalima na Pangi, akaendelea mpaka Shabunda, akarudi na chumvi na sabuni. Alijua kila daraja lililooza na kila mama anayeuza chikwange ya muhogo kwenye njia panda. Kisha vita ikafika. Treni ikanyamaza. Wanajeshi wakakamata muji, watu wa porini wakauzunguka kwa inje, na sisi tukabaki katikati. Ukienda shamba, wanajeshi wanasema unapelekea watu wa porini chakula. Ukikutana na watu wa porini, wanasema weye njo macho ya wanajeshi. Basi tulikaa. Radio hazikuwa na mawe, yale ya betri, na Mardochée, muntu wa kutembea, alikuwa anazunguka ndani ya parsele yake, kiwanja cha nyumba, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ni hapo alipotunga muchezo. Akauita Njia.

Unachezwa hivi. Jua likipungua, munakaa kwake kwenye mikeka. Kila muntu anajitengenezea musafiri: anamupa jina, kazi, muzigo, na kitu kimoja anachokiogopa. Mardochée hana musafiri, yeye njo mwenye njia. Anawaambia: mumefika kwenye kijito, mutumbwi hauko, na ngambo kuna wanaume wamekaa wanawaangalia. Munafanya nini? Kila mumoja anasema musafiri wake anafanya nini, kisha anatupa dadu ya ludo. Ikitoka namba kubwa, amefaulu. Ikitoka ndogo, mwenye njia anasema ni shida gani imemupata. Hakuna anayeshinda. Munatembea tu, kesho munaendelea pale mulipoishia.

Mimi nilicheka siku ya kwanza. Watu wazima na akili zao wamekaa chini, wanajidai wamefika Kalima, na risasi zinalia kule Alunguli! Siku ya pili niliacha sombe kwenye moto nikakimbilia kule. Sombe iliungua, mama alinigombeza, na mimi nilikuwa nawaza tu kama musafiri wangu, muuza vitambaa mwenye kuogopa nyoka, atavuka daraja la miti au atazunguka.

Lakini mwenye njia yule, walayi, alikuwa na ubaya wake. Alipenda sauti yake mwenyewe. Angeweza kueleza mvua moja mpaka watu wanasinzia. Ukichagua njia ambayo hakuipanga, alikuzungusha porini mpaka unatokea palepale alipotaka yeye. Dadu alikuwa anaifunika na mukono, anachungulia peke yake, kisha anatangaza. Na alikuwa mwenye kisasi. Mama Hawa, jirani yetu, alisema siku moja hadithi imekuwa ndefu kuliko muto. Kumbe! Kesho yake musafiri wa Mama Hawa akaliwa na mamba, na tulikuwa juu ya mulima. Mama Hawa alikaa siku nyingi hamusalimu.

Ubaya mukubwa ulikuwa ule wa kuuliza. Unasema, musafiri wangu anajificha. Wapi? Porini. Pori gani? Nyuma ya muti. Muti gani, umeegemea upande gani, miguu umeiweka wapi, anayepita njiani anaweza kuona nini? Anauliza amesimama, mikono juu, kwa sauti ya soko, anataka aone kama anaona sinema. Ukimueleza vizuri anafurahi, na dadu yako ndogo anaigeuza kubwa. Basi watu wakazoea kusema vitu wanavyovijua kweli, kwa sababu kitu unachokijua hakikushindi kueleza. Mumoja akaeleza pa kuficha mupunga, akaelezea dari ya nyumba yake mwenyewe. Tulikuwa tunacheka. Hata ngambo ya lupango, ule ua wa mianzi unaozunguka parsele yake, kwenye parsele za pembeni, ulikuwa unasikia watu wanacheka pamoja nasi.

Sasa nifike kwa kaka yangu, Florentin.

Florentin alikuwa mupiga matofali. Mikono yake ilikuwa na rangi ya udongo hata siku ya Pasaka. Yeye na Mardochée walikuwa marafiki tangu utoto, na katika muchezo alimupa musafiri wake kazi yake mwenyewe, akamuita Fundi. Mwaka ule njaa ilipotukaza, Florentin alipenya porini mpaka Kailo, akarudi na kifuko cha mupunga. Tulikula. Lakini muntu aliyetoka porini na kurudi muzima, wanajeshi walikuwa wanamutafuta. Walikuja kwetu wakauliza, wakapindua vitanda, wakaenda. Florentin alikuwa ndani ya tanuri yake ya kuchomea matofali, nyuma ya nyumba. Tanuri ile ilikuwa imezimika tangu vita ianze. Pahali pale tulipajua mama, mimi na yeye, basi.

Hakuacha kwenda kucheza. Nilimukataza, akaniambia kukaa ndani kutamuua hata risasi hazijamufikia. Alipita nyuma ya nyumba za watu, akakaa kwenye kona.

Jioni moja, katika muchezo, Fundi alikuwa anafukuzwa na watu wenye imbwa. Mardochée alikuwa amewaka, jasho linamutoka. Florentin akasema, najificha. Wapi? Florentin akasahau kwamba ni muchezo. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nilimubana mukono, hakusikia. Akasema, "Naingia ndani ya tanuri ya matofali, kwa mudomo wa nyuma, ule unaoangalia muto. Najifunika makuti, na juu ya makuti napanga matofali mabichi."

Mardochée alirudia maneno yale yote kwa sauti, neno kwa neno, kama anaimba. Akapiga makofi. Dadu ikatoka sita.

Kesho yake asubuhi wanajeshi walikuja. Hawakuuliza kitu. Hawakuingia nyumbani. Walizunguka moja kwa moja mpaka upande unaoangalia muto, wakaanza kutoa matofali mabichi, moja moja, polepole, kama wafanyakazi waliolipwa. Nilikuwa kwenye mulango wa jikoni. Wakatoa makuti, wakamutoa kaka yangu, wakamupeleka. Aliniangalia mara moja. Mpaka leo hatukumuona, si muzima, si maiti.

Kwetu sisi, muntu ambaye hakuna anayeweza kusema amelala wapi, hatumukalii matanga. Mukilia bila kujua, munaweza kuwa munamulilia muzima, na hiyo ni kumufukuza. Kwa hiyo hatukulala inje, hatukuwasha moto, watu hawakuja kukaa nasi. Mama alikaa na kilio ndani ya tumbo mpaka kikamumaliza. Siku zake za mwisho alikuwa ananishika mukono, ananiambia, "Tafuta aliyesema. Aliyesema njo anajua mwanangu amelala wapi."

Na nani aliyesema? Nilihesabu watu wa muchezo ule kichwani mwangu. Mama Hawa? Mutoto wake mwenyewe alikuwa porini. Wengine walikuwa watu wa kujificha kama sisi. Kila mara nilirudi kwa muntu mumoja, yule aliyeuliza. Tena Mardochée aliacha muchezo siku ileile Florentin alipokamatwa, na njia ilipofunguka kidogo akatoroka kwenda Pangi kuchimba mawe ya madini. Muntu asiye na kosa anakimbia nini?

Vita iliisha. Treni ilianza kupiga kelele tena, siku inayotaka. Niliolewa, nikazaa Chérie, nikafiwa na mume. Mardochée akarudi na ndevu nyeupe, akafungua kazi ya kutengeneza kinga palepale, sasa anatengeneza na pikipiki. Tairi ya kinga yangu ikipasuka nilikuwa naisukuma mpaka Kasuku kwa fundi mwingine, jua kali, ili tu nisiseme naye neno. Watu waliniona mujinga. Sawa.

Sasa eti binti yangu anacheza Njia. Kwake. Nilimuuliza Chérie, anawauliza nini? Akasema, "Mama, haulizi kitu. Sisi njo tunaeleza." Sikumuamini. Siku ya Mungu iliyofuata nilivaa kitenge changu cha misa, nikamufuata mpaka kule.

Kitu cha kwanza nilichokiona, lupango haikuwepo. Mianzi yote imekatwa, parsele iko wazi pande zote, unaona mpaka barabarani. Nikajiuliza, muntu gani wa Mikelenge anakaa bila lupango, na kuku wanaibiwa muchana? Anataka kuona nani anakuja. Vijana walikuwa wamekaa karibu-karibu, vichwa vimegusana. Mardochée aliponiona alisimama, akafuta kiti na shati lake.

"Karibu, Mama Chérie," akasema. Macho yake hayakupanda.

Nikasema nimekuja kucheza. Vijana wakapiga vigelegele, eti mama anacheza! Chérie akataka ardhi imumeze.

Kwanza akanieleza sheria. Zamani hakukuwa na sheria hata moja, sasa ziko nyingi kuliko za kanisa. Dadu inatupwa katikati, kila muntu aione. Ukichagua njia yako, hata mwenye njia akiwa hakuipanga, ni yako, atakufuata. Hakuna musafiri anayeuawa kwa hasira. Muntu asipokuja, musafiri wake anapumuzika chini ya kibanda, hakuna mwingine wa kumutembeza. Na ya mwisho aliirudia: usitaje jina la kweli, usitaje pahali unapopajua. Ukijificha, sema umejificha, inatosha. Alisema hayo yote kwa sauti ya chini kama anaungama. Yule Mardochée wa sauti ya soko! Nikawaza, mwizi aliyechomwa anajua moto uko wapi. Muntu haweki sheria kama hii bila kujua ilikuwa ya nini.

Tukaanza. Tukavuka muto, tukashika njia ya Kalima. Niseme ukweli, alikuwa anaongoza vizuri kuliko zamani. Maneno mafupi. Anaachia watu nafasi. Kijana mumoja, Exaucé, alitaka kuacha safari na kufungua duka la mikate katikati ya pori, na Mardochée akamuachia, akamuuliza tu unga atautoa wapi. Tulicheka. Mimi pia nilicheka, na hiyo ilinikasirisha.

Kisha tukafika kwenye njia panda. Chérie akauliza, kama muntu aliyezoea, "Fundi amepita?"

"Amepita," Mardochée akajibu. "Ameacha tofali kwenye njia ya kuume. Bado lina joto."

Nikauliza, huyo Fundi ni musafiri wa nani? Vijana wakanieleza wote kwa pamoja. Fundi hana mwenyewe. Anatembea mbele yao tangu siku ya kwanza, hawajamufikia hata mara moja. Anawaachia matofali ya kuwaonyesha njia salama. Ana mikono ya rangi ya udongo. Na hakuna aliyewahi kumukamata.

Hakuna aliyewahi kumukamata. Nilimuangalia Mardochée. Alikuwa anaichezea dadu na vidole, haniangalii. Kaka yangu ametolewa kwenye tanuri mbele ya macho yangu, na muntu huyu anamutembeza huku Kalima na Pangi ili watoto wafurahi! Ningeweza kumupiga na kiti. Lakini nilingoja zamu yangu. Niliyataka maneno yale yale yamupate usoni, nione uso wake utafanya nini.

Zamu yangu ikafika. Kulikuwa na wanyanganyi nyuma yetu. Mardochée akaniuliza musafiri wangu anafanya nini.

Nikasema, "Anaingia ndani ya tanuri ya matofali, kwa mudomo wa nyuma, ule unaoangalia muto. Anajifunika makuti, na juu ya makuti anapanga matofali mabichi."

Dadu ilimuanguka. Hakuiokota. Chérie akaniuliza mama kuna nini, nikamuambia nyamaza. Nikamuambia Mardochée mbele ya vijana wote, uliniuliza nafanya nini, nimekujibu, sasa weye nijibu. Ulimuambia nani?

"Sikumuambia muntu," akasema.

Nikamuambia ni uongo.

Basi akaeleza, macho chini. Siku ya tatu baada ya Florentin kukamatwa, alikuwa amekaa peke yake pale pale, bila muchezo, bila muntu. Sauti ikamuita kutoka ngambo ya lupango ya mianzi. Alikuwa kaporali, kijana, mwenye Swahili safi. Wanajeshi walikuwa wamekamata nyumba ya pembeni, ile yenye mulango kwa barabara ingine, tangu zamani, na hakuna aliyefikiri kwamba wale pia hawana mawe ya radio. Yule kaporali hakuwa na ubaya katika sauti. Alikuwa anamubembeleza.

"Alisema, mwenye njia, mbona hamuchezi tena? Sisi tulikuwa tunafuata kila siku."

Nikakumbuka vile vicheko. Kila jioni vilikuwa vinatoka ngambo ya mianzi, na dadu ikitoka sita walikuwa wanapiga makofi pamoja nasi. Nilivisikia kwa masikio yangu nikadhani ni majirani. Nilitafuta ndani ya moyo wangu pa kumukatalia, sikupata. Lupango iliyokatwa, sauti ya chini, sheria zile zote, vilikuwa vinasema jambo moja. Hata hivyo hasira haikushuka, ilibadilisha pahali tu.

Nikamuuliza, ulijua tangu siku ile? Akasema tangu siku ile. Na ulinyamaza, ukamuacha mama yangu akufe akitafuta jina?

"Ningesema nini, dada? Kwamba sikumuuza, nilimutangaza?"

Alilia. Muzee mwenye ndevu nyeupe, mbele ya watoto wa juzi. Sikumuonea huruma wakati ule, nisidanganye. Nilimuuliza kitu kimoja tu kilichobaki, kile mama alichonituma: Florentin amelala wapi? Akatikisa kichwa. Hajui. Alitafuta mpaka Pangi, aliuliza kila muntu aliyepita, hakuna aliyejua. "Njo maana namutembeza," akasema. "Nikimusimamisha, itabidi niseme ni wapi."

Barabarani watu walikuwa wanapita na nguo zao za misa. Nikainama, nikaokota dadu.

Nikamuambia, sheria ni yako mwenyewe. Musafiri wa muntu asiyekuja, mwingine hamutembezi. Umemutembeza miaka yote hii bila kuniuliza. Nipe kaka yangu.

Akainua mikono kidogo, kama muntu anayeachilia muzigo, akasema, "Mupokee."

Nikamupokea. Nikawaambia wale vijana, Fundi amechoka. Anageuka. Anapita Pangi, anapita Kalima, hakuna anayemuuliza kitu. Anavuka muto kutoka Alunguli. Anapanda mpaka Mikelenge. Anakaa chini.

Na Mardochée, jamani, tabia ni tabia. Alifungua mudomo. "Wap..." Kisha akaufunika na mikono yote miwili, macho yamemutoka.

Nilisimama. Nilimujibu kwa sauti ya soko, ile yake ya zamani, mpaka waliokuwa barabarani wakasimama.

"Nyuma ya nyumba ya mama yake, ndani ya tanuri yake, upande unaoangalia muto! Hapo njo Florentin amelala. Mimi dada yake njo nimesema. Kesho tunakaa matanga, na kila muntu asikie."

Exaucé, mutoto wa watu, akanyoosha mukono kuiomba dadu, akidhani ni lazima itupwe. Nikaifunga ndani ya kiganja changu. Chérie alinishika kiunoni, tukaenda nyumbani, naye analia kwa ajili ya mujomba ambaye hakumujua.

Asubuhi nilitandika mikeka kando ya tanuri, au kile kilichobaki, kilima cha udongo na majani. Mbele ya muntu yeyote kufika, Mardochée alifika, fungu la kuni kichwani. Nilimuonyesha pa kuziweka. Aliziweka, akakaa chini pamoja nasi, na siku zote zile za matanga hakuuliza kitu.